Mkeka wa Sashe Kaburini

Watu wa mji wetu wa Kasongo wakinipongeza kwa jinsi nilivyomzika mama yangu, mkono huniwasha. Hawana kosa, najua. Wananisimamisha barabarani nikiwa juu ya pikipiki, wananishika bega, wanasema, "Ulimuheshimisha mama," nami nang'ata meno na kuondoka. Wanafikiri ni unyenyekevu. Mimi si mnyenyekevu hata kidogo. Nimezaliwa na hasira, na hasira hizo ndizo zilizoniponza. Hasira hasara, wazee walisema, ila hawakuniambia kwamba hasara yenyewe inaweza kumwangukia mwingine.

Mama alikuwa mkulima wa mpunga. Shamba lake lilikuwa bondeni, karibu na ukingo wa Lualaba, mahali ambapo mto ukijaa hupanda, hulala siku chache, kisha hurudi ulikotoka. Zamani ulikuwa ukirudi unaacha tope jeusi, zuri, la kunenepesha mpunga. Baadaye ukaanza kuacha sashe. Sashe ndilo jina tunalouita kila mfuko wa plastiki: ule wa maji ya kunywa, wa chumvi, wa sabuni ya unga, na ule mdogo wa pombe kali ambao wachimba dhahabu wa upande wa Lusangi wanaupasua kwa meno na kuutema papo hapo. Kwetu hakuna kiwanda hata cha kutengeneza kijiko, lakini takataka za viwanda vya dunia nzima zinajua njia ya kuja. Dawa za watoto zinakwama, wanatuambia barabara ni mbovu. Sashe haijawahi kukwama hata siku moja.

Jembe la mama lilikuwa likishuka udongoni linapanda na plastiki imelizunguka. Akitoa moja, chini yake kuna nyingine, na chini ya hiyo kuna ya mwaka wa juzi, ingali na maandishi yake, kama imetoka dukani asubuhi. Mpunga ulioota juu yake ulikuwa mfupi na wa manjano. Mwaka mmoja alivuna kidogo hata mbegu ya kurudishia haikutosha, na mwaka uliofuata, kabla ya kupanda, akaanza kulichimba shamba lake lote kwa mkono, anaondoa sashe moja moja, anatia ndani ya gunia. Waliopita njiani walimuuliza kama analima plastiki. Aliwajibu kwamba ndiyo, na mavuno ni mazuri.

Wa kwanza kumfuata alikuwa jirani yake wa shamba, mjane wa kabila la Wabangubangu, aliyeolewa mjini akitokea kwao, kijiji cha Wamaza. Ni Mkristo na sisi ni Waislamu, jambo ambalo lisingekuwa na maana yoyote katika hadithi hii kama watu wangekuwa na akili, mimi nikiwa wa kwanza kukosa. Nilimwita Mama Mdogo tangu utotoni. Magunia yalipojaa, mama hakujua ayapeleke wapi. Kila Jumamosi asubuhi tuna kazi ya pamoja ya usafi, tunaiita salongo, na mkubwa wa mtaa anapita kuhakikisha kila mtu amefagia. Tunafagia vizuri sana. Kisha tunazoa na kumwaga kwenye korongo, mvua inanyesha, korongo linapeleka mtoni, na mto unapeleka kwenye shamba la mama yangu. Huo ndio usafi wetu: kila mtu anamfagilia uchafu aliye chini yake.

Basi ni Mama Mdogo aliyepata njia. Kwao Wamaza alikuwa amefundishwa kusuka mikeka ya milala, ile ya majani ya mtende-mwitu, na siku moja akakaa barazani, akachukua sashe iliyooshwa na kukauka, akaikata kwa kisu kwa kuizungushazungusha mpaka ikawa utepe mmoja mrefu. Akakata nyingine na nyingine. Akazisuka pamoja, ukatoka ukili, yaani ule mkanda mpana kama kiganja. Mikanda ukiishona ubavu kwa ubavu, ni mkeka. Mama aliukalia, akausugua, akaumwagia maji, akacheka.

Wakawa wanawake kumi na kitu, Waislamu na Wakristo. Kila Jumatatu walishuka ukingoni, wakaokota zilizoletwa na maji na kuchimba zile zilizozikwa, wakaosha, wakaanika kwenye kamba, uwanja wetu ukawa kama kuna sherehe ya bendera. Kazi yangu ilikuwa kubeba. Mimi ni motard, ninaendesha pikipiki kati ya Kasongo na Kabambare, napeleka sabuni, chumvi na abiria, narudi na karanga na mchele. Mama alinifanya nirudi na magunia ya sashe pia, kutoka kwa wenye maduka ya Wamaza na kutoka machimboni. Abiria walinung'unika. Niliwaambia washuke watembee.

Mjini waliwaita "ba mama ba saleté", wanawake wa uchafu. Waliosema hivyo ni walewale waliotupa. Alikuja pia mkubwa mmoja wa ofisi, akiwa na viatu vyeupe, akapigwa picha ameinua sashe moja kwa vidole viwili kama ameshika mkia wa panya, akaahidi mashine ya kukatia. Ahadi ni deni, lakini kuna watu wamezoea kufa na madeni yao. Mashine hatujaiona mpaka leo. Wanawake waliendelea na visu.

Msikitini ndiko walikopokelewa. Mama aliwapa mikeka minne ya kutandika barazani, kwa wale wanaokosa nafasi ndani siku ya Ijumaa. Mvua ikinyesha wanaikung'uta tu, basi. Imamu mwenyewe alishukuru, na mimi niliswali juu yake mara nyingi, paji la uso wangu juu ya herufi za kampuni ya maji ambazo mama alikuwa amezisuka zikaonekana nusunusu.

Kisha mama akaanza kuumwa kifua. Ilikuwa homa inayokuja na kuondoka, mwezi baada ya mwezi. Hospitalini walimpa vidonge, akapata nafuu, akarudi ukingoni. Siku niliyosafiri mara ya mwisho alikuwa amekaa barazani anashona ukili, akaniambia, "Enda, baba, usiogope, iko kikohozi tu." Nikaenda. Kila mtu ananiambia si kosa langu kwamba nilienda, na kila anayeniambia natamani kumpiga.

Simu ilinikuta Kabambare alfajiri. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, alisema mama amefariki, na watanisubiri mpaka alasiri, zaidi ya hapo haifai. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Nilianguka mara mbili kabla ya kufika Wamaza. Kwenye daraja la magogo niliisukuma pikipiki maji yakinifika kiunoni, na njia nzima sikulia, nilikuwa natukana. Nilitukana barabara, nilitukana wakubwa wanaoila pesa yake, nilitukana pikipiki. Nilipofika Kasongo watu walikuwa wameshamaliza kumwosha na kumvisha sanda, na uwanja wetu umejaa.

Kwetu kaburi lina kazi yake. Maiti akishalazwa ndani ya mwanandani, ile nafasi yake chini kabisa ya shimo, juu yake tunapanga fito, na juu ya fito tunatandika mkeka, ili udongo usipenye ukamwangukia. Mkeka huo unatoka nyumbani kwa marehemu. Niliingia chumbani kwa mama moja kwa moja, na viatu vyangu vya tope. Juu ya dari kulikuwa na mkeka mmoja aliokuwa amebaki nao siku zote, mkubwa, mwekundu na mweupe na buluu, mzuri kupita yote aliyowahi kusuka. Watu wengi waliutaka. Siku moja nilimuuliza mbona hauuzi, akajibu, "Ile haiuzishwe, iko na mwenyewe." Nilijua mwenyewe ni nani: ni yeye mama. Nilijua, sikumuuliza mtu. Nikaushusha, nikatoka nao nje.

Imamu aliuona, akainua mkono.

"Mutoto yangu, pole sana. Lakini hiyo hapana. Ile ni sashe. Ni saleté. Haiwezi kuingia mu kaburi ya muislamu."

Ningeweza kujibu kwa adabu. Ni mzee, alinifundisha kusoma Kurani. Lakini neno lile, siku ile, mbele ya jeneza la mama.

"Saleté?" nikasema. "Ijumaa munaweka uso yenu wapi? Munasujudu juu ya nini? Mama akiwatandikia ni mukeka, akifa ni saleté?"

 Baba mdogo alinishika mkono, nikauchomoa. Nikamwambia imamu kwamba kama mkeka huu ni uchafu, basi swala zote za barazani zimeharibika, na arudi akawaambie watu wazirudie. Nilisikia mtu nyuma akisema, "Kweli kabisa." Mwingine akasema, "Iko na haki." Walikuwa walewale waliokuwa wakimcheka njiani, na mimi niliwachukua kama mashahidi wangu.

Hapo ndipo Mama Mdogo alipotoka upande wa wanawake. Alikuwa na mkeka wa milala umekunjwa chini ya kwapa, mpya, majani yake bado yana ukijani. Akanisogelea, akasema polepole, "Mutoto yangu, ngoja kwanza. Nikuambie kitu."

Niliuona ule mkeka wa majani, nikadhani nimeelewa. Nikadhani wamemtuma. Mjane Mkristo katika mazishi ya Waislamu, anataka kuwapendeza wazee, amewaletea mkeka safi ili aibu iishe.

"Hata weye, Mama Mudogo?" nikamwambia. "Hata weye iko upande yao?"

Nikausukuma ule mkeka. Sikumsukuma yeye, nasema mkeka, lakini alirudi nyuma hatua mbili na wanawake wakamshika. Hakusema tena. Angesemaje? Wanaume walikuwa wanapiga kelele, jua linashuka, na huo haukuwa msiba wa dini yake.

Imamu alishusha mkono wake. Kisha akasema, "Kama ndiyo roho yako inataka, chukua." Nikachukua.

Tuliingia kaburini mimi, baba mdogo na binamu yangu. Tulimpokea, tukamlaza kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Alikuwa mwepesi. Tukapanga fito. Na mkeka niliutandika mwenyewe, sikukubali mwingine aushike. Niliunyoosha pembe zote nne, nikaukanyagia udongo pembeni ili usiteleze. Ulikuwa unang'aa ndani ya shimo lile. Nilipopanda juu watu walikuwa wananitazama kwa namna ambayo hawakuwahi kunitazama, na nikajisikia mrefu. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mama yangu yuko chini na mimi najisikia mrefu.

Siku ya tatu, baada ya kisomo, watu walipokwisha kula na kuondoka, Mama Mdogo alikuja na kukaa karibu nami barazani. Alikuwa na mkeka wake wa milala. Nilikuwa nimetulia kidogo, nikamwomba radhi kwa yale ya uwanjani, nusu tu, kama mtu anayejua bado yeye ndiye mwenye haki.

"Hapana, sikukasirika," alisema. "Lakini lazima ujue. Huu mukeka mama yako ndiye alinituma niusuke. Miezi mbili sasa. Alisema, 'Mikono yangu haina nguvu tena, unisukie wa majani, wa kunifunika.' Kila siku alikuwa anauliza umefika wapi."

Nikamuuliza, na ule mkubwa wa darini?

"Ule ulikuwa wako. Wa nyumba yako, siku utaoa."

 Yeye akaendelea, kwa sababu jambo hilo lilikuwa limembana siku tatu.

"Alisema hivi: 'Miye nimetoa sashe mu udongo miaka yote hii. Musinirudishe nayo chini.' Alitaka aoze na mukeka yake vizuri, pamoja na majani, mpunga ikiota juu ao nyasi ikiota, iote. Nilitaka kukuambia."

Nilitaka kukuambia. Hakunilaumu kwa neno lingine lolote, na ingekuwa afadhali angenitukana. Nilikaa pale nikitafuta wa kumkasirikia. Imamu? Alisema uchafu, na nilichoshindana nacho ni neno tu; kwenye jambo lenyewe mama alikuwa upande wake. Watu walionishangilia? Mama mwenyewe, kwa nini hakuniambia mimi? Lakini mimi nilikuwa Wamaza, nilikuwa Lusangi, nilikuwa Kabambare, nilikuwa njiani. Aliwaambia waliokuwepo. Waliokuwepo ni wanawake, na mimi niliingia na tope langu na sauti yangu kubwa, nikaongea na wanaume.

Kesho yake nilikwenda kwa imamu. Nilimkuta anatengeneza kufuli la mlango wa msikiti. Nikamweleza yote, nikamwomba tufungue kaburi, tufike kwenye mkeka tu, fito zisiguswe, yeye mama asiguswe, tuutoe ule na kutandika wa majani. Nilikuwa tayari kuchimba peke yangu.

Alikaa chini kwenye ngazi.

"Kaburi haifunguliwe kwa sababu ya mukeka," alisema. "Hilo siwezi, hata ungenitukana tena." Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Na miye nilikosa. Nilikatala, lakini nilikatala bure bure, nilisema saleté. Ningemuuliza yule mama wa Wamaza ameshika nini, tungejua. Siye wote wawili hatukumuuliza."

Ningependa kusema kwamba maneno yake yalinituliza. Yaliniudhi zaidi. Nilikuwa nimekuja na hasira nzima na akanipunguzia nusu, na nusu iliyobaki haikuwa na mahali pa kwenda isipokuwa kwangu.

Nilifikiri basi, imekwisha, kosa ni langu na nitakufa nalo. Haikwisha. Mwezi haukupita, familia moja ya wafanyabiashara wa zamani hapa mjini ikafiwa na bibi yao. Wakaja kwa wanawake wetu kutafuta mkeka wa sashe. Ule mkubwa kabisa, walisema, wa rangi. Wanawake walifurahi, wakadhani ni wa kukalia wageni wa msiba. Ulikwenda kaburini. Imamu, ambaye nilikuwa nimemfunga mdomo mbele ya mji mzima, angeanzia wapi kukataa? Baada ya hapo wakaja wengine. Ikawa ndiyo heshima mpya. Maiti asiyefunikwa kwa mkeka wa sashe, watu wananong'ona kwamba watoto wake ni wabahili, ao hawakumpenda kama yule motard alivyompenda mama yake.

Hebu fikiria. Wanawake wanashuka ukingoni kila Jumatatu, wanapinda migongo, wanachimbua plastiki kwenye udongo, wanaosha, wanakata, wanasuka, vidole vinapasuka. Na mji unaichukua na kuirudisha kwenye udongo kwa dua. Mama angekuwa hai angekwenda makaburini na jembe. Kutwanga maji kwenye kinu ni afadhali, maji hayaachi kitu.

Mama Mdogo, ambaye sasa ndiye anayewaongoza, aliweka sharti. Kila anayekuja kununua anaulizwa: ni wa kulalia ao wa kuzikia? Wa kuzikia haupewi. Unapewa wa milala, na maelezo. Basi watu wakajifunza kusema ni wa kulalia. Wanasema uongo wakiwa na macho mekundu ya kulia, na mtu anayelia humchunguzi sana.

Mikeka iliyokamilika inakaa chumbani kwa mama. Wiki iliyopita wanawake walikuwa ukingoni nami nilikuwa nyumbani nabadilisha mnyororo wa pikipiki, akaja mwenye duka mmoja wa sokoni, mtu mpole, hajawahi kumpunja mtu. Baba yake alikuwa amefariki asubuhi ile. Huyu hakusema uongo. Alisimama mlangoni, kofia yake mkononi, akasema, "Naomba mukeka. Kama ile ya mama yako."

Nikamkalisha. Nikamwambia kila kitu, na ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu wa mjini: shamba la bondeni, mkeka wa majani, Mama Mdogo niliyemnyamazisha, na aliyoyasema mama. Nikamwambia kwamba pale uwanjani sikumheshimu mama yangu, nilimpinga, na nikamshinda. Sauti ilianza kunipanda, nikaishusha. Nikamtolea mkeka wa milala, nikauweka magotini pake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliupapasa ule wa majani, akaukunja vizuri, akaniwekea pembeni.

"Nimesikia," alisema. "Lakini kama ilikuwa mubaya, weye mbona ulimuwekea mama yako? Miye baba yangu apungukiwe na nini?"

Nikauokota ule wa majani, nikamnyooshea tena. Aliusukuma kando, kwa adabu. Kisha akaingia chumbani, akachagua mwekundu na mweupe, akautia begani, akaenda kumzika baba yake.